Ganda Limepasuka Mkononi: Dalili, Chanzo na Tiba kwa Anayechonga Mayai

Mimi nilianzia kwenye mpingo. Mjomba ndiye aliyenikalisha chini ya mwembe kule Newala, tezo upande huu na tupa upande ule, na hadi leo gogo likinisumbua najua pa kuanzia kulitafuta kosa. Kuchonga mayai, yaani kutia nakshi kwenye ganda tupu lililotolewa ute wake, nilikuja kujifunzia hapa Mtwara mjini, na miezi ya mwanzo niliyavunja mengi kuliko niliyoyamaliza. Ilinichukua muda kuelewa kwamba nilikuwa nalichonga ganda kwa mikono ya mti. Mti una nyuzi. Patasi ikienda kombo, nyuzi zinakuonya, zinakuvuta, na mara nyingi zinakusamehe. Ganda la yai halina nyuzi hata moja. Ni jiwe.

Nasema jiwe bila kutia chumvi. Karibu sehemu 95 katika kila 100 za ganda ni kalsiamu kaboneti, kitu kilekile kilichomo kwenye matumbawe tunayoyachoma huku pwani kupata chokaa. Jiwe lenyewe limejengwa kama nguzo ndogo ndogo zilizosimama wima, bega kwa bega, kutoka ndani kuja nje. Ufa ukishaingia kati ya nguzo hizo hakuna cha kuuzuia. Hukimbia mpaka uishiwe nguvu. Na hapo ndipo ulipo ugumu wa kazi hii: kosa unaloliona sasa hivi lilifanyika hatua moja au mbili nyuma, mikono yako ilipokuwa inashughulika na jambo jingine. Kwa hiyo kila dalili nitakayoitaja nitakurudisha nyuma kidogo.

Yai linapasuka wakati wa kulitoboa

Hapa utaona nyota: tundu dogo katikati, na mistari mitatu au minne inayotawanyika kutoka kwake. Chanzo ni sindano iliyosukumwa.

Aliyewahi kufika Kilwa Kisiwani akasimama ndani ya Msikiti Mkuu atazielewa kuba zake: uzito ulioenea juu ya kuba unateremka taratibu pembeni mpaka ukutani, na jengo linasimama karne kwa karne. Yai nalo ni kuba pande zote. Kuku analilalia wiki 3 bila kulivunja. Lakini ukilibonyeza mahali pamoja kwa ncha kali, ganda linabonyea kidogo sana kuelekea ndani, upande wa ndani unavutika, na jiwe halistahimili kuvutwa. Ufa unaanzia ndani, usikoona, ndipo ukatokeza nje.

Basi usisukume, zungusha. Kama una mashine ndogo ya mkono ya kuchongea, tumia biti, yaani ncha yake inayozunguka, ndogo ya almasi, na uiache ikate yenyewe. Kama huna, ncha ya tupa ndogo ya pembetatu, ikisokotwa baina ya vidole kama unavyosokota kijiti cha kupekecha moto, inatosha kabisa. Bandika kwanza kipande cha selotepu, utoboe juu yake. Tundu liwe upande wa kitako, yaani upande mpana, kwa sababu ndipo ulipo mfuko wa hewa, na milimita 3 zinatosha.

Likipasuka baada ya tundu kukamilika, chanzo ni hewa. Wengi wanapuliza kwa mdomo na kwa nguvu, tundu ni dogo, kiini kizima kimeziba njia, shinikizo linapanda mpaka ganda linaachia. Pasua kiini kwanza kwa kijiti cha mishikaki. Kisha chukua bomba la sindano, geuza tundu litazame bakuli, ingiza hewa kidogo, subiri ute udondoke, ingiza tena. Mdomo usiutumie, mayai mabichi hubeba vijidudu vya salmonela, na kuhara kwa ajili ya pambo si jambo la kujivunia. Yai lililotoka kwenye friji lina ute mzito, liache litokwe na baridi yake kwanza. Lililotagwa leo pia ni zito. Lenye wiki moja linamwagika kirahisi zaidi. Linaloelea ukilitia majini usiliguse, limekaa sana na huenda limeoza.

Ufa mwembamba kama unywele unatokea katikati ya kazi

Hili ndilo linalowakatisha tamaa vijana wengi, na ndilo nitakalokaa nalo muda mrefu, maana lina vyanzo vingi na kila kimoja kina tiba yake.

Chanzo cha kwanza: ufa ulikuwepo tangu sokoni. Mayai yanasafirishwa kwenye trei, trei juu ya trei, nyuma ya bodaboda, na yale ya chini hupata nyufa ambazo macho hayazioni. Ingia chumba chenye giza, washa tochi ya simu, kalisha yai juu ya mwanga na ulizungushe polepole. Ufa utauona kama uzi unaong'aa. Ukishalitoa maji yake, liguse pia kwa ukucha: ganda zima linatoa mlio mkavu wa kigae, lenye ufa linatoa mlio uliofifia, kama chungu kilichopasuka. Mimi sianzi kuchora kwa penseli kabla ya kufanya yote mawili.

Chanzo cha pili: ganda ni dhaifu tangu kwa kuku. Mwaka mmoja, mwezi wa Januari, nilinunua trei nzima ya mayai ya kuku wa kisasa kwa mfugaji wa mtaani. Niliyamulika yote, hayakuwa na ufa. Zaidi ya nusu yalipasuka mikononi mwangu, mengine kabla biti haijazama sawasawa. Nilidhani mkono umeharibika. Kumbe ni joto. Kuku akizidiwa na joto hana jasho la kumpoza, anahema mdomo wazi mchana kutwa, na kwa kuhema anapoteza kaboni dayoksaidi nyingi kutoka kwenye damu. Hiyo hiyo ndiyo malighafi ya kalsiamu kaboneti. Ganda linatoka jembamba. Kuku akizeeka naye hutaga yai kubwa zaidi lakini ganda haliongezeki kwa kiasi hicho, linatandazwa tu juu ya eneo pana.

Tangu hapo mayai ya kuchonga nayanunua Juni hadi Agosti, kunapokuwa na upepo wa baridi kidogo, nayatoa maji, nayasafisha na kuyaweka. Ganda tupu lililo safi halina mwisho wa matumizi. Na ukiwa na mfugaji unayeelewana naye, mwombe awape kuku makombe ya baharini yaliyotwangwa, tena jioni. Ganda hujengwa kwa saa kama 20, sehemu kubwa usiku, na kuku asipokuwa na chokaa tumboni saa hizo huikopa kwenye mifupa yake.

Kuhusu aina ya yai: la kuku lina unene wa milimita 0.3 hadi 0.4 hivi, na anayejifunza aanze nalo kwa sababu ni rahisi kulipata na hasara yake ni ndogo. Yai la kware ni jembamba, mwachie aliyekwisha kukomaa. La bata ni zuri, laini, jeupe. Lakini ninalolipenda kuliko yote ni la kanga wa kufugwa. Ni dogo, lina ncha kali, na ganda lake ni gumu kupita kiasi. Linamaliza biti upesi, ila unaweza kulitoboa mpaka likabaki kama wavu wa dagaa na bado likasimama. Yai la mbuni lina unene wa karibu milimita 2 na wengi wananiuliza habari zake. Mbuni hatunaye huku Kusini, na yai la ndege wa porini ni nyara ya serikali: huokoti, hununui, huuzi bila kibali. Tunao kanga majumbani, tuwatumie hao.

Chanzo cha tatu ni pembe kali, na hapa nataka mchongaji wa Kimakonde anisikilize vizuri. Nembo za bibi zetu, zile chale za usoni zenye mistari iliyokunjwa kama mishale iliyopangwa, ni nakshi ya kwanza inayokuja akilini mwetu tukishika yai. Ni nzuri sana juu ya ganda jeupe. Lakini angalia linalotokea unapoitoboa. Kila mshale una pembe, na pembe ndiyo mahali nguvu zote za ganda zinapokusanyika. Mara tisa katika kumi ufa wangu ulianzia kwenye pembe ya ndani ya mshale, ukakimbia moja kwa moja hadi pembe ya mshale wa jirani, kama wameitana.

Tiba yake ni ndogo na haionekani kwa macho ya mnunuzi. Kabla ya kukata mistari ya mshale, toboa tundu la duara, dogo kama kichwa cha pini, palepale penye pembe. Kisha leta mkato kutoka pande zote mbili uishie ndani ya tundu hilo. Ufa ukifika kwenye duara haupati pa kushika. Ukitazama kwa karibu sana utaona pembe ina mviringo kidogo; ukirudi nyuma hatua moja unaona nembo iliyonyooka kama ilivyokuwa shavuni kwa bibi. Waliochonga milango ya Mikindani walipenda maua na mizunguko, na nakshi ya namna hiyo kwa asili yake ni rafiki wa ganda. Mwanafunzi nampa mzunguko mwezi wa kwanza, nembo nampa mwezi wa tatu.

Chanzo cha nne ni mpangilio wa kukata. Mti unauanza kwa kutoa vipande vikubwa, kisha unashuka kwenye vidogo. Kwenye yai fanya kinyume. Toboa matundu madogo kwanza, wakati ganda zima bado linajishika, na uwazi mkubwa uuache mwisho kabisa. Usimalize upande mmoja wote kabla ya kugusa mwingine. Kata huku kidogo, geuza, kata kule. Vipande vinavyobaki kati ya tundu na tundu, vile vinavyoshikilia kazi yote, kwa yai la kuku mimi sivishushi chini ya milimita 2.

Chanzo cha tano ni mashine, na chanzo cha sita ni mkono wa kushoto. Biti iliyopinda haikati, inagonga. Iwashe na uitazame kwa upande, dhidi ya karatasi nyeupe: ncha ikionekana moja, kali, iko sawa, ikionekana kama kivuli cha ncha mbili, imepinda au haikukazwa vizuri mdomoni. Itoe, ifute, irudishe. Ikiendelea, itupe. Mashine ndogo za mkono nyingi zinafika mizunguko 35,000 kwa dakika, na kwa ganda nakushauri ukae karibu na juu. Wachongaji wengine duniani wanatumia mashine za hewa za daktari wa meno, zinazozidi mizunguko 300,000 kwa dakika, na ndiyo maana kazi zao zinaonekana kama kitambaa cha kufuma. Sisi tutafanya kwa tulichonacho, ila sikiliza sauti. Umeme ukishuka, mlio wa mashine unazama, na biti inayozunguka polepole inang'ata badala ya kukwangua. Ukisikia mlio unazama, nyanyua mkono papo hapo, usisubiri taa ifife.

Mkono wa kushoto ndio unaovunja bila kujua. Unashika yai, unakaza macho kwenye biti, na kadiri kazi inavyokuwa ngumu ndivyo vidole vinavyobana. Nilimwona kijana mmoja akichonga vizuri saa nzima, kisha yai likapasuka upande ambao biti haijawahi kufika. Ni alama ya dole gumba lake. Sasa wote ninaowafundisha wanasokota kanga kuukuu kuwa kata, ileile ya kubebea ndoo kichwani, na yai linakaa humo mezani. Vidole vinaligeuza tu, havilishiki.

Kingo zinameguka na kuwa kama meno ya msumeno

Biti imechakaa, au chembe zake za almasi ni kubwa mno. Hakuna siri nyingine. Ukipitisha kidole kwenye biti ya kumalizia usihisi mkwaruzo mkali. Ihisi kama msasa laini. Shika mashine ikiwa imelala kidogo, isisimame wima juu ya ganda, na pitisha mara tatu kwa wepesi badala ya mara moja kwa nguvu.

Hapo hapo niseme la vumbi. Vumbi la ganda ni jepesi, jeupe, na ukiliona kwenye kope za mwenzako ujue kifuani liko pia. Barakoa nzuri inayobana puani, miwani, na kitambaa chenye maji mezani cha kulikamata. Feni isielekezwe usoni mwako wala mwa watoto. Nilipokuwa mgeni wa kazi hii nilichonga wiki mbili bila kuziba pua na nilikohoa mwezi mzima.

Ngozi nyembamba inaning'inia kwenye matundu

Ndani ya ganda kuna utando wa tabaka mbili. Wakati wa kuchonga ni rafiki yako, maana unashikilia vipande visidondoke ovyo, kwa hiyo usiuondoe mapema. Ukimaliza, nakshi inaonekana chafu, matambara meupe kila tundu. Usiyavute kwa kibanio. Utando umegandamana na jiwe na utaondoka na ukingo.

Loweka kwenye dawa ya kung'arisha nguo nyeupe, ile ya klorini, iliyochanganywa na maji kiasi sawa kwa sawa. Tumia chombo cha plastiki, vaa glovu, kaa nje penye hewa. Chungulia kila baada ya dakika 10. Utando unayeyuka wenyewe, na mara nyingi nusu saa inatosha. Kisha suuza kwa maji mengi, mara tatu au nne.

Sasa, kama ganda limetoka jeupe sana lakini ukiligusa linaacha unga kidoleni kama chaki, umelisahau humo. Ile dawa haili jiwe, lakini inakula gundi ya protini iliyomo baina ya chembe za jiwe, ambayo ni kidogo sana ila ndiyo inayozishikamanisha. Halirudi. Usilichonge tena, lipake vanishi nyembamba na uliweke pasipoguswa.

Na jambo moja ambalo usilifanyie majaribio hata siku moja: dawa hiyo isikutane na siki. Zikichanganyika zinatoa gesi ya klorini, na hiyo inachoma mapafu. Kwangu siki ina rafu yake na dawa ya klorini inakaa nje ya chumba, na chombo kilichotumika kwa moja hakitumiki kwa nyingine.

Nakshi ya siki imetoka na ukungu, mistari haieleweki

Si kila mtu anatoboa. Wapo wanaochora kwa nta kisha wakalitia yai kwenye siki. Penye nta panabaki juu, pasipo na nta panaliwa na kushuka. Siki ya kawaida ina asidi kama asilimia 5, inakutana na kalsiamu kaboneti, vinatoka vipovu vya kaboni dayoksaidi, na jiwe linapungua. Ukraine wana ufundi wa nta wa miaka mingi sana juu ya mayai, unaoitwa pysanka, wao wakitumia nta kuzuia rangi tabaka baada ya tabaka, na UNESCO iliuingiza kwenye orodha ya urithi wa binadamu mwaka 2024. Kanuni ni moja: nta ikishika vizuri, kazi imekwisha nusu.

Mistari ikiwa na ukungu, nta haikushika. Labda ganda lilikuwa na mafuta ya vidole. Labda lilikuwa na unyevu, na kwa hali ya hewa yetu hilo ni la kawaida asubuhi. Labda nta ilikuwa imepoa, ikaganda juu ya ganda kama tone badala ya kujibandika. Futa ganda kwa sabuni, lianike mpaka likauke kabisa, lipashe kwa kiganja, na nta iwe ya moto wa kutiririka kama maji. Nta ya nyuki inashika kuliko ya mshumaa. Hii ya mshumaa inapasuka siki ikianza kufanya kazi, na siki inapita chini yake.

Ukiona vidoti vidogo vilivyobaki juu, kama upele, hivyo ni vipovu vilivyokaa mahali pamoja vikaizuia siki. Pitisha unyoya wa kuku taratibu juu ya ganda kila dakika moja au mbili. Vipovu vikikoma kabla kina hakijatosha, siki imeisha nguvu, mwaga weka nyingine. Na ziba tundu la kitako kwa nta kabla ya kuzamisha, la sivyo siki inaingia ndani, na ganda linaliwa pande mbili huku wewe ukitazama upande mmoja.

Mayai ya kahawia yana zawadi hapa. Rangi yake imekaa zaidi tabaka la juu, kwa hiyo siki inaiondoa mapema na kuacha weupe chini yake. Unapata nakshi ya kahawia juu ya nyeupe bila kununua rangi yoyote.

Rangi haishiki, vanishi inageuka maziwa

Rangi ikikaa kwa mabaka, kuna mafuta au ule ute mwembamba ambao kuku hulipaka yai wakati wa kutaga. Futa kwa kitambaa chenye siki kidogo mara moja tu, suuza, anika. Usisugue.

Vanishi inayogeuka maziwa ni tatizo la masika yetu, Desemba mpaka Aprili. Hewa ikiwa na maji mengi, vanishi ikikauka inavuta baridi juu yake na unyevu unanaswa ndani. Paka saa sita hadi saa tisa mchana, siku yenye jua, tabaka jembamba sana, na urudie kesho yake. Iliyokwisha kugeuka iache mpaka siku ya jua kali, mara nyingi inasafika. Isiposafika, paka tena tabaka jembamba juu yake kwenye hewa kavu.

Yai linanuka, au lina wageni

Wiki tatu baada ya kuuza, mteja anapiga simu: linanuka. Hakuna dawa ya juu juu. Kuna ute uliobaki ndani ukakauka kwenye ukuta, kisha unyevu ukauamsha. Sisimizi na mende wanaujua kabla yako. Ukiona msafara wa sisimizi unaelekea rafu ya mayai, usiwapulizie dawa kwanza, fuata wanakoingia. Yai hilo ndilo.

Suuza ndani mara tatu kwa maji ya uvuguvugu yenye sabuni, ukitikisa, halafu mara moja kwa maji yenye dawa kidogo ya klorini, na mwisho maji matupu. Lianike tundu likitazama chini, juu ya kata au mchanga mkavu, siku mbili hadi tatu. Anayepaka vanishi nje kabla ndani hapajakauka anafungia ugonjwa ndani ya nyumba.

Limevunjika: liungwe au litupwe?

Ufa mmoja usiofika kwenye ukingo wowote unaungika. Gundi nyepesi ya papo hapo, tone moja kwenye ncha ya sindano, iguse mwanzo wa ufa na itajivuta yenyewe mpaka mwisho. Kwa ndani bandika kipande cha tishu kilicholowa gundi ileile, kama kiraka. Baada ya saa moja unaweza kuendelea kuchonga, ila usikate karibu na pale. Kipande kilichotoka kizima kinarudi pia, mradi hukupoteza makombo.

Ufa unaounganisha matundu mawili ya nakshi, hapana. Nimejaribu mara nyingi na kila mara umefunguka tena, kwa kawaida mkononi mwa mnunuzi. Mayai ya namna hiyo nawapa wanafunzi wajifunzie siki na rangi, na makombo yanakwenda kwa kuku, yakishapikwa na kutwangwa.

Yanavunjika njiani kwenda Dar

Kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 500, na basi halina huruma. Waliovunjikiwa wengi walifunga kwa magazeti yaliyobanwa sana. Gazeti likibanwa linakuwa gumu, na kila tuta la barabarani linapiga ganda moja kwa moja. Mimi natumia sufi. Misufi tunayo, pamba yake ni nyepesi, haishiki maji, na ukiibonyeza inarudi. Jaza kwanza sufi ndani ya yai lenyewe kupitia uwazi mkubwa wa nakshi, kidogo kidogo kwa kijiti, bila kushindilia. Kisha lizungushie nje, liweke kwenye kopo la plastiki lenye kifuniko, na makopo yote yakae kwenye boksi moja ambalo ukilitikisa sikioni halitoi sauti yoyote. Kifuniko cha kila kopo naandikia namba ya yai, na mnunuzi namwambia kwa simu: sufi ya ndani aivute kwa kibanio cha nyusi, uzi mmoja mmoja, wala asipulize.